Kitambaa Kisichovuka Mlango

Kitambaa chenyewe ni kidogo kuliko watu wanavyodhani wakisikia habari zake. Ukikitandaza juu ya meza yetu ya kulia, meza inabaki wazi pande zote. Ni cha hariri. Zamani kilikuwa cheupe, sasa kina rangi ya chai ya maziwa. Ukingoni kuna maua mekundu yaliyofifia, na kati ya ua na ua umedariziwa mti mwembamba, mrefu, umesimama wima, kwa uzi wa kijani na uzi wa fedha. Fedha imeshakuwa nyeusi. Mama alikataza isisuguliwe. Alikataza pia kitambaa kisikunjwe, kwa sababu hariri ya zamani ikikunjwa mahali pamoja kila mara inakatika yenyewe. Tulikiviringisha ndani ya shuka nyeupe na punje za karafuu, tukakilaza sandukuni kama mtoto.

Aliyekileta ni babu yake bibi yetu, aliyekwenda kuhiji siku zile ambazo watu wa upande wetu wa ziwa walipita Ujiji na kutembea kwa miguu mpaka pwani. Kule Makka alikinunua kwa mjane wa Kituruki aliyekuwa akiuza vitu vyake apate nauli ya kurudi Stambuli. Mjane huyo alimweleza kazi yake. Kwao, alisema, kitambaa cha namna hii kinamfunika mwanamke kichwa siku anapoolewa, na kinalala juu ya jeneza lake siku anapoondoka. Babu akarudi nacho, akampa mkewe, na tangu hapo kinapita kwa wanawake, kutoka kwa mama kwenda kwa binti.

Kwetu kimepata masharti yake. Bibi harusi anakalishwa mkekani baada ya nikaha, mama yake anamwekea kitambaa kichwani mpaka uso usionekane, na hapo anangoja mpaka mume aje akifunue. Kwa maiti kinatandazwa juu ya jeneza, upande wa kichwa, lakini hakivuki mlango. Kabla jeneza halijafika kizingiti, mwanamke wa damu lazima akitoe kwa mkono wa kulia na kukirudisha ndani. Mama mkubwa, dada yake mama anayekaa Gasenyi, ndiye alituambia sababu, mara moja tu, akiwa anachambua mchele. Zamani kiliwahi kusahauliwa. Kilivuka, kikafika makaburini, kikarudishwa. Mwanamke wa kwanza kukivaa baada ya pale hakumaliza mwaka. Alipokwisha kusema hivyo akaendelea kuchambua, na dada yangu hakuuliza, nami sikuuliza.

Mama alipofariki nilikuwa na miaka kumi na saba. Shule niliiacha nilipomaliza mwaka wa sita, nikakaa nyumbani kudarizi kofia za wanaume, kazi ambayo mtu anaweza kuifanya siku nzima bila kusema na mtu. Wageni wakija nilikuwa naingia jikoni. Hayo yote yalijulikana. Lakini siku ile dada alikuwa amelala chini, wanawake wawili wakimpepea, na mama mkubwa alikuwa bado na waoshaji chumbani. Ikabaki mimi. Mama mkubwa alinishika bega akanisimamisha karibu na mlango.

"We utasimama apa," aliniambia. "Wakikufikia unasema ngojeni, unakitoa. Hata kama hawakusikii, unakitoa."

Nilisimama. Wanaume walijaa uani mpaka barabarani, na nilikuwa sijawahi kuona macho mengi hivyo yakitazama mlango wetu. Jeneza likatoka chumbani haraka. Wale wa nje walikuwa wameshanyoosha mikono kulipokea, tahlili imepanda juu. Mkono wangu wa kulia ulikuwa chini ya mtandio. Nilisema ngojeni, lakini nililisema kooni. Pembe ya kitambaa ikapita mbele ya kifua changu, karibu kiasi kwamba niliona uzi mmoja uliolegea, na ile fedha ikakwaruza ubao wa mlango kwa sauti ndogo. Halafu jeneza likawa nje.

Bado ningeweza. Walitua uani kidogo, mtu akabadilisha bega. Kisha wakasimama tena barabarani, penye gari. Mara zote mbili niliona kitambaa kikiwa pale, na mara zote mbili miguu yangu ilibaki kizingitini.

Mama mkubwa alipotoka chumbani aliniuliza kwa macho tu. Nikatikisa kichwa kukubali. Sijui kwa nini. Naye akaenda kumtazama dada.

Baada ya swala ya alasiri, jirani yetu alikuja kwa mlango wa jikoni. Alikuwa fundi wa magari, mzee, karakana yake ilikuwa chini ya mabati mbele ya nyumba yake, mkono wa kushoto ukitoka kwetu. Alikuwa miongoni mwa waliomzika mama. Alitoa kitambaa kutoka ndani ya kanzu yake, kifuani, akanipa bila kunitazama sana. Alisema alikikuta juu ya udongo, kando ya kaburi, mtu alikuwa amekiweka pale wakati wa kushusha. Akasema ya kwangu nitasema mwenyewe, yeye si mwanamke wa nyumba hii. Akaondoka. Nilikiviringisha ndani ya shuka, nikakilaza sandukuni. Jioni mama mkubwa aliuliza kitambaa kiko wapi, nikajibu kiko sandukuni, na huo ulikuwa ukweli.

Mama alianza kuja ndani ya ile arobaini. Katika ndoto anasimama kizingitini, upande wa ndani, uso kuelekea nje. Hanikaripii. Hageuki. Amefunikwa kichwa, na anangoja kama mtu anavyongoja kufunguliwa kifungo cha mgongoni. Namtazama kutoka nyuma ya mlango mpaka naamka. Mchana nikipita mlango ule nilikuwa nikiinua mkono wa kulia kidogo bila kujua, mpaka dada akaniuliza kama bega linaniuma.

Sanduku nililifungua mara chache. Udongo ulikuwa umeingia kati ya nyuzi za fedha, nami nikautoa kwa ncha ya sindano, punje kwa punje. Nilitaka kujua ni upande upi uliolala pale kaburini. Sikujua. Sisi wadarizi tuna upande wa kuonyesha na upande wa kuficha, na chini ya kofia nzuri kabisa utakuta mafundo na nyuzi zinazokatiza. Kitambaa hiki hakina. Aliyekishona alipitisha sindano kwa namna ambayo ua ni lile lile pande zote mbili, mti ni ule ule, na fundo sijawahi kuliona. Niligeuza na kugeuza. Mwisho nikasafisha pande zote, na bado nilipokinusa nilipata karafuu kwanza, kisha udongo.

Miaka miwili ikapita hivyo. Kisha dada akaposwa na kijana wa Kanyosha, fundi umeme, mpole, anayecheka kabla hujamaliza kusema jambo la kuchekesha. Siku ya kupanga mambo mama mkubwa alikuja kutoka Gasenyi, tukakaa sebuleni watatu. Dada alisema nguo atachagua mwenyewe, chakula wapange wakubwa, yeye ana ombi moja.

"Mi sina mama wa kunikalisha mukeka," alisema. "Kile kitambaa kilikuwa naye mara ya mwisho. Nataka kinikae kichwani. Ni hicho tu."

Niliona mama mkubwa anahesabu, jeneza, mlango, miaka. Halafu akasema kiliishia mlangoni, basi hakina neno. Akanigeukia.

"Si ni huyu mutoto alikitoa?"

Wote wawili walinitazama. Nikasema ndiyo. Safari hii kwa mdomo.

Wiki zilizofuata nilijaribu kumzuia dada bila kusema. Nilimwambia hariri imechoka, itachanika. Akasema sasa mimi mdarizi nina kazi gani. Nilimwambia kwenye duka anakofanya kazi kuna mashela mapya ya kuletwa kutoka Stambuli hiyo hiyo. Akacheka, akasema kumbe nakitaka mwenyewe.

"Basi subiri wako aje," alisema. "Sijui atakuona vipi. Kila mugeni akipiga hodi, we uko nyuma ya mulango."

Alisema kwa utani, akanivuta shavu. Mwenye duka alikuwa ameona picha ya kitambaa kwenye simu ya dada. Yeye huenda Stambuli kununua nguo, na aliitambua ile miti mara moja. Alimwambia dada miti hiyo ameiona kule kwa macho yake, mirefu, ya kijani iliyokolea, imepandwa makaburini, mpaka ukiiona kwa mbali unajua kuna watu wamelala chini yake. Dada alinisimulia hayo kama habari nzuri, jinsi dunia ilivyo na mambo. Usiku ule sikuota ndoto, kwa sababu sikulala.

Maalim wetu amefundisha mara nyingi kwamba kitambaa hakiui wala hakiponyi, na anayedhani hivyo atengeneze imani yake. Namwamini. Nilijaribu kumwamini kila siku mpaka ikabaki wiki moja. Lakini kila nilipomtazama dada anapopima viatu, au anapobishana na simu kuhusu idadi ya wageni, niliona kichwa chake tu, na kitakachokuja juu yake. Kumwambia kungetosha. Angelia, angekasirika, asingekivaa, na angebaki na kichwa chake. Jioni moja nilikaa naye tunakatakata vitunguu na nilikuwa na maneno tayari. Akaanza kusema kwamba tangu mama aondoke hajawahi kufurahi siku nzima bila kukatika, na anahisi siku hiyo itakuwa ya kwanza. Nikarudisha maneno.

Ndipo nikakumbuka jinsi mama mkubwa alivyosema. Wa kwanza kukivaa baada ya pale. Wa kwanza, si wa pili.

Jumatano asubuhi dada na mama mkubwa walikwenda sokoni. Nilifunga jikoni, nikatandaza mkeka ule ule wa harusi sebuleni, mbele ya mlango, nikatoa kitambaa. Sharti jingine linasema msichana asiyechumbiwa akikivaa, siku yake haitakuja. Hilo halikunizuia. Nilikaa kama bibi harusi anavyokaa, magoti upande mmoja, nikakiinua kwa mikono miwili na kukiweka kichwani, nikakivuta mpaka kidevuni.

Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani, na baridi, kama kimetoka kuanikwa kwenye umande. Kila kitu kikawa rangi ya chai. Ukuta, kiti cha mama, mwanga wa mlangoni. Nilikuwa nimeamua kukaa kwa muda ambao bibi harusi hukaa. Nilisikia pumzi yangu mwenyewe ikirudi usoni. Nikasema polepole, "Mama, ni mimi. Anayefuata ni mimi."

Mtu akasimama kizingitini.

Hakuingia, hakubisha. Alisimama tu, kivuli kirefu kati ya miimo ya mlango, pale pale mama anaposimama kwenye ndoto. Tofauti ni kwamba safari hii alikuwa ananitazama. Sikuweza kuinua mkono kukitoa kitambaa. Kisha kile kivuli kikakohoa, kikohozi kirefu cha kifua, na nikamjua. Alikuwa yule fundi wa magari. Alikuwa ameleta mabenchi ya chuma aliyochomelea kwa ajili ya harusi.

"Bibi harusi ameanza mapema," alisema.

Nikajifunua. Alipouona uso wangu, na kitambaa mikononi mwangu, aliacha kucheka. Aliweka benchi chini, akalikalia pale pale nje ya kizingiti, huku ameshika kifua. Aliniuliza kama dada anajua kwamba kitambaa kilivuka. Nikasema hapana. Kama mama mkubwa anajua. Hapana. Akaniuliza basi nafanya nini. Nikamwambia, na ninaamini ni maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumwambia mwanaume asiye wa nyumbani. Nilimwambia habari ya wa kwanza na habari ya mwaka. Nilimwambia kwamba dada akikivaa Jumamosi atakuwa wa pili.

Alifuta mikono kwa kitambaa chake cha gereji, ingawa mikono haikuwa michafu.

"Umechelewa," alisema mwishowe. "Wa kwanza ni mi."

Nikamtazama.

"Siku ile. Nilikiokota, mikono yote ni udongo, nikasema nitakichafua. Nikakiweka apa." Akagonga kofia yake. "Nikatembea nacho ivyo mupaka penye bomba la musikiti. Watu walinicheka. Mzee mwenye shela. Sasa hesabu mwenyewe, ni miaka mingapi? Niko apa nakubebea mabenchi."

Ilikuwa miaka miwili na miezi. Nilihesabu, kisha nikahesabu tena. Alikuwa amekivaa, na mwaka ulikuwa umepita juu yake, na mwingine juu ya huo. Nililia kidogo, akanigombeza kwamba analipwa chai, si machozi. Kabla ya kuondoka aliniambia nisikivae tena, na nisimwambie mtu, kwa sababu hatapata heshima mtaani wakijua alivaa maua.

Jumamosi mama mkubwa alimwekea dada kitambaa. Nilisimama mahali ambapo ningeweza kuona. Hakuna kilichotokea isipokuwa kile kinachotokea siku zote: kimya, wanawake wakajizuia kucheka, mume akaingia akijikwaa kwenye mkeka, akakifunua kwa vidole viwili kama mtu anayeogopa kuunguza mkono. Uso wa dada ulikuwa umelowa na ulikuwa na furaha. Siku ilikwisha bila kukatika. Na mama hakuja usiku huo, wala wiki ile, wala mwezi ule. Nilianza kupita mlangoni kama mtu mwingine yeyote.

Fundi alifariki miezi saba baadaye. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani, kila mtu alijua, moshi wa kuchomelea na sigara za ujanani. Hakuna aliyeshangaa. Alizikwa kama wanaume wanavyozikwa, bila kitambaa chochote cha maua.

Mjane wake aliingia eda, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kukaa ndani, nilikwenda kukaa naye mara nyingi. Nilikuwa nikidarizi, yeye akichambua maharagwe. Hatukuwa tunasema sana. Siku moja alianza kumkumbuka mumewe kwa mambo madogo, jinsi alivyokuwa akisahau viatu kwa watu, jinsi alivyokuwa mwoga wa wanawake wa nyumba yetu. Akasema siku tuliyomzika mama, mumewe alirudi kwanza nyumbani kabla ya kuja kwetu.

"Alikuwa nacho kifuani, ndani ya kanzu, amekikumbatia kama yai," alisema. "Akaniuliza, nimupe nani? Nikamwambia mupe yule mutoto mudogo, ndiye aliachwa mulangoni. Hakutaka hata kukitoa nikione. Alisema amenawa mara tatu pale makaburini ndipo akakishika, na mupaka mulangoni kwenu hatakigusa tena."

Niliuliza alikuwa na nini kichwani. Sauti yangu ilitoka vizuri.

"Kofia yake. Alikuwa na nini tena?"

Nikaendelea kudarizi. Inawezekana alikivaa njiani, kabla ya kunawa, akaona aibu kumwambia mkewe. Nimelifikiria hilo kwa kila upande. Inawezekana pia kwamba mzee mgonjwa aliketi kwenye benchi lake, akamwona mtoto wa jirani amejifunika, akatafuta neno la kumtoa pale. Kama ni hivyo, basi hakuna mwaka uliopita juu ya mtu yeyote, na wa kwanza ni mimi. Kutoka ile Jumatano mpaka leo ninapoandika ni miezi minane.

Mama amerudi mlangoni. Lakini sasa hajafunikwa, na hatazami nje.

Sijutii. Nataka niliseme hilo wazi, kwa kuwa nikiyasoma haya mwenyewe naona kama ninalalamika. Dada yuko Kanyosha, ana mimba ya miezi minne, anakula machungwa na chumvi, ananipigia kila jioni kunieleza alivyotapika na jinsi mumewe anavyomfuata na ndoo nyumba nzima. Jana alinipigia mapema. Alisema hataki mtu mwingine wa kumhudumia siku za uzazi, si mama mkwe, si mama mkubwa. Anataka mimi, siku arobaini zote. Akataka nimuahidi. Uzazi uko mbele miezi mitano, na mwaka wangu unatimia baada ya minne.

Nikasema inshallah.

"Apana inshallah ya fundi wa nguo," alisema, na nilimsikia anatafuna. "Sema ndiyo."

Nikasema ndiyo.